Kombe Liko Kabatini, Mtoto Yuko Wapi?

Katika ofisi za walimu wakuu wengi wa hapa Belgut kuna kabati la vioo. Ndani yake mna vikombe vya voliboli, vya usafi wa mazingira, vya mtihani wa taifa, na kando yake vya Tamasha la Kitaifa la Muziki. Kila kimoja kina kibandiko chenye mwaka, jina la shule na aina ya shindano. Sasa uliza swali moja: mtoto aliyepiga piano siku ile aliitwa nani, na leo anafanya nini? Mwalimu mkuu ataanza kukumbuka. Atamwita karani. Hatimaye ataambiwa kwamba mwalimu wa muziki wa wakati ule alihamishwa, labda yeye ndiye anayejua.

Leo gazeti hili linapiga mbiu ya mgambo kwa ajili ya mtoto huyo.

Kila mkulima kuanzia Sosiot hadi Mogogosiek anajua kwamba jani la chai likishachumwa haliwezi kungoja. Gari la kiwanda likichelewa kufika kituoni, majani yaliyoshindiliwa guniani hupata joto, huanza kugeuka mekundu, na karani wa mizani huyakataa. Jani lilikuwa zuri shambani. Lililoliharibu ni kungoja. Mtoto anayeshinda mashindano ya taifa katikati ya mwaka akiwa Kidato cha Nne ameshachumwa. Gari lake haliji, na wala hakuna aliyeliagiza.

Tuueleze mwendo wenyewe, maana wazazi wengi huuona mwisho wake tu, siku basi linaporudi likipiga honi. Muhula wa pili ukianza, shule hushindana kwenye kaunti ndogo, kisha kaunti, kisha kanda, na walionusurika huenda kwenye fainali za taifa. Kuna kwaya, ngoma za kiasili, mashairi ya kukariri, ala za Kiafrika, na kuna wapiga piano wanaopanda jukwaani peke yao. Baada ya fainali, wachache walio bora huchaguliwa kutumbuiza mbele ya Rais. Picha hutoka magazetini. Nasi tunakiri kosa letu: mara nyingi tumechapisha picha hizo tukaandika jina la shule, na la mtoto tukaliacha.

Kisha huja Oktoba na Novemba, miezi ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Kibodi ni ya shule. Ngoma ni za shule. Sare ya kwaya ni ya shule. Siku ya karatasi ya mwisho mtoto hurudisha vitabu, hubeba godoro na sanduku lake hadi barabarani, na vidole vilivyozoezwa miaka 4 huondoka pamoja naye bila pa kugusa tena. Nyumbani hakuna piano, na ni nani tutakayemlaumu kwa hilo? Piano ya mbao ni mzigo mkubwa hata kwa tajiri, na mvua za Kericho hazina huruma kwa mbao na nyuzi. Kibodi ya umeme ni nafuu kidogo, ila bei yake nayo inaweza kumeza bonasi ya chai ya familia nzima, na majuzi wakulima wetu wameiona bonasi yenyewe ilivyokuwa.

Kinachobaki ni kanisa. Jumapili kijana huyo hupiga kibodi ibada ya kwanza na ya pili, Jumamosi hupiga harusini, katikati ya wiki hupiga mazoezi ya kwaya. Hulipwa shukrani. Fundi aliyeunganisha spika hulipwa, mwenye hema hulipwa, mpishi hulipwa, na ni haki yao. Mpiga kibodi huombewa baraka. Baada ya miaka 2 au 3 hununua pikipiki kwa mkopo, na Jumapili ndiyo siku yenye abiria wengi.

Tunasema haya sasa, si mwaka ujao, kwa sababu mambo matatu yanakutana. Januari 2026 darasa la kwanza la Gredi ya 10 limeingia Sekondari Pevu, na mmoja wa mikondo mitatu iliyo mbele yao ni wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, ambao ndani yake muziki ni somo kamili. Mwaka 2027 watahiniwa wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4 watafanya KCSE yao. Na mwaka huo huo wa 2027 Tamasha la Muziki litatimiza miaka 100 tangu lianzishwe na walowezi mwaka 1927. Kutakuwa na keki, hotuba na fulana zilizochapishwa. Tunauliza mapema: katika miaka 100, nani ana orodha ya walioshinda?

Kuna shindano jingine lililozaliwa mwaka ule ule. Januari 1927, mjini Warsaw, Poland, vijana walikusanyika kushindania tuzo ya kupiga piano kazi za mtunzi Chopin. Kwa kawaida hufanyika mara moja kila baada ya miaka 5, na kila mpenzi wa muziki anaweza kukutajia washindi wake kama mpenzi wa soka anavyotaja mabingwa wa dunia. Wa kwanza aliitwa Lev Oborin, kijana wa Moscow mwenye umri wa miaka 19. Oborin aliendelea kupiga piano maisha yake yote, lakini jambo tunalotaka msomaji wa Sosiot alishike ni hili: alirudi Moscow, akawa mwalimu katika konsavatori, yaani chuo cha muziki. Mmoja wa wanafunzi wake, Vladimir Ashkenazy, alishika nafasi ya pili Warsaw mwaka 1955, akashinda Brussels mwaka 1956, akagawana ushindi wa shindano la Tchaikovsky mjini Moscow mwaka 1962. Ushindi wa Oborin haukufia kwenye kabati. Uligeuka darasa.

Na kama mtu atasema kwamba Moscow ni Moscow, sisi ni watu wa vijijini, basi tumtazame Dang Thai Son wa Vietnam. Alipokuwa mtoto, konsavatori ya Hanoi ilihamishiwa vijijini kukwepa mabomu ya Marekani, na huko ndiko alikojifunzia. Mwaka 1980 alishinda Warsaw, mtu wa kwanza kutoka Asia kufanya hivyo. Mwaka ule sifa hazikumwendea yeye. Zilimwendea Ivo Pogorelić wa Yugoslavia, aliyetolewa kabla ya fainali hadi mwamuzi mmoja mkubwa, Martha Argerich, akajiuzulu kwa hasira. Pogorelić akapata mikataba na majalada ya santuri. Dang Thai Son akaendelea kimya kimya, akahamia Kanada, akafundisha. Mwaka 2021 mwanafunzi wake Bruce Liu alishinda Warsaw. Oktoba 2025 alishinda Eric Lu, ambaye naye amepita mikononi mwa mwalimu huyo huyo. Mtoto aliyejifunzia kijijini wakati wa vita amekuwa mwalimu wa washindi wawili waliofuatana.

Hatusemi kwamba kila aliyeshinda Ulaya au Marekani alifika salama. Van Cliburn, Mmarekani wa Texas, alishinda Moscow mwaka 1958 akiwa na miaka 23, New York ikamwandalia gwaride la kishujaa, na rekodi yake ya kazi ya piano ya Tchaikovsky ikauzwa zaidi ya nakala milioni moja. Kila alikokwenda walitaka apige kazi ile ile. Mwaka 1978 aliacha jukwaa, akakaa karibu miaka 9 bila kupiga hadharani. Shindano linaloitwa kwa jina lake, kule Fort Worth, lilimpata mshindi wa Afrika mwaka 1977: Steven De Groote, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye alifia mji huo huo mwaka 1989 akiwa na miaka 36. Mwaka huo aliokufa De Groote, alishinda Alexei Sultanov mwenye miaka 19. Kiharusi kilimvunja, akafa mwaka 2005 akiwa na miaka 35. Kwa upande mwingine Ralph Votapek, mshindi wa kwanza kabisa wa Fort Worth mwaka 1962, aliishia kufundisha Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan kwa zaidi ya miaka 30, na hakuna aliyemwona ameshindwa maisha.

Kwa hiyo tuzo haijawahi kuwa kazi, popote duniani. Waandalizi wa Fort Worth waliligundua hilo mapema, ndiyo maana zawadi yao haiishii kwenye hundi. Mshindi hupewa pia miaka 3 ya kupangiwa maonyesho na kusimamiwa. Wao wamejenga daraja la miaka 3 kwa mtu ambaye tayari ana piano nyumbani, mwalimu wa miaka 10 na lugha ya kujadiliana na wakala. Sisi hatujaweka hata ubao wa kuvukia mfereji kwa mtoto asiye na chochote kati ya hivyo.

Tunarudi nyumbani, kwa sababu jeraha hili si geni hapa.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki aliyekuwa na makao Afrika Kusini, alifika Kapkatet, hapa hapa kwetu, na mitambo yake ya kurekodi. Wasichana wa Kikipsigis, wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, walimwimbia kwa kinubi wimbo uitwao Chemirocha. Jina hilo ndivyo masikio ya huku yalivyolipokea jina la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekufa mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika hadi kwenye vilima hivi. Wasichana walimwazia kiumbe wa ajabu, nusu mtu na nusu paa, wakamwimbia kwa sauti nyororo kiasi kwamba hadi leo watu wa mabara mengine husimamisha wanachofanya wakiisikia. Rekodi ilihifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Ikatolewa kwenye santuri, kisha kwenye kanda, kisha kwenye intaneti. Wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wakaijifunza.

Nakala ilirudi Kapkatet mwaka 2015. Miaka 65 ilikuwa imepita. Wachache kati ya waliorekodiwa siku zile walikuwa bado hai, wazee sana, wakasikilizishwa sauti zao za ujana. Ilikuwa kazi njema ya maktaba ile pamoja na wenzao wa Kenya, nasi tunaisifu bila kusita. Lakini tujiulize sisi wenyewe: katika miaka 65 hiyo, ni ofisi gani ya Kericho iliyokuwa na daftari linalosema fulani aliimba, anakaa mahali fulani, apewe nafasi ya kufundisha wajukuu wetu kinubi? Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wasichana wa Kapkatet walicheza kwao, wakatunzwa Afrika Kusini.

Tracey huyo huyo alirekodi Likasi, Kongo, mji ambao enzi hizo uliitwa Jadotville, kijana aliyeimba kwa Kiswahili na kupiga gitaa la nyuzi kavu kwa namna ambayo hakuna aliyekuwa ameisikia. Ni Mwenda Jean Bosco, na wimbo wake Masanga wa mwaka 1952 ulipewa tuzo ya Osborn. Afrika Mashariki nzima ilimjua, Nairobi ilimpokea, wapiga gitaa wetu wa kizazi kile walijaribu vidole vyake. Hata hivyo sehemu kubwa ya maisha yake ilipita katika kazi za ofisini, hadi ajali ya barabarani ilipomwua mwaka 1990. Hakuna konsavatori ya Lubumbashi iliyompa darasa. Wazungu waliotaka kujifunza mtindo wake walimfuata kwa nauli zao.

Mtu wa Kericho akitaka kuona tofauti kati ya ushindi unaolelewa na ushindi unaotupwa, asitoke nje ya kaunti. Wilson Kiprugut Chuma wa hapa kwetu ndiye Mkenya wa kwanza kupata nishani ya Olimpiki: shaba ya mita 800 Tokyo mwaka 1964, kisha fedha Mexico mwaka 1968. Alifariki Novemba 2022, na taifa lilijua lilikuwa linamzika nani. Beatrice Chebet wa Londiani alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 Mei 2024, akawa mwanamke wa kwanza kuzikimbia chini ya dakika 29, na Agosti akaleta dhahabu mbili kutoka Paris. Chebet hakutokea hewani. Mkimbiaji wa shule akifanya vizuri kuna kocha anayemwandika, kuna kambi, kuna wakala, kuna jeshi na polisi wanaomwajiri huku akiendelea kukimbia. Kipaji chake ni sawa na cha mpiga piano wa shule jirani. Tofauti ni kwamba mmoja ana njia iliyokanyagwa na waliomtangulia, na mwingine akimaliza shule hukuta kichaka.

Ni kweli bendi za jeshi, polisi, magereza na Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS) huajiri wanamuziki, na baadhi ya washindi wetu wamevaa sare hizo kwa heshima. Nafasi ni chache, tena bendi hizo hutaka zaidi tarumbeta kuliko piano. Ni kweli pia kwamba runinga ilijaribu: kipindi cha Tusker Project Fame kilianza mwaka 2006, kikatoa washindi kutoka Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, kikawapa fedha nyingi na jina. Msimu wa 6, mwaka 2013, ukawa wa mwisho. Udhamini ukikauka na daraja hukauka.

Jinsi tulivyofika hapa inahitaji kusemwa waziwazi, kwa sababu ni uamuzi wa watu, si kudra. Mwaka 1982 serikali iliunda tume ya muziki chini ya Washington Omondi, msomi aliyekuwa mmoja wa watu watano waliouandaa wimbo wetu wa taifa mwaka 1963. Kazi ya tume hiyo ndiyo iliyozaa, mwaka 1988, Tume ya Kudumu ya Rais ya Muziki. Miaka ile muziki ulikuwa somo lenye mtihani shule ya msingi chini ya 8-4-4. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtihani huo uliondolewa katika KCPE ili kupunguza mzigo wa masomo. Nani alipunguziwa mzigo? Kipindi cha muziki kilibaki kwenye ratiba ya ukutani, lakini darasani kilikuwa hisabati. Mwalimu aliyesomea muziki alipewa Kiswahili au dini. Mtoto aliyefika sekondari hajui kusoma noti hakuchagua muziki, shule ikaona wanafunzi ni 4, ikalifuta somo. Vyuo vikuu vikapata wanafunzi wachache wa kusomea ualimu wa muziki. Na leo, 2026, tunafungua mkondo wa sanaa na kutafuta walimu ambao tuliacha kuwazalisha zaidi ya miaka 20 iliyopita.

Hapo ndipo hofu yetu inapokaa. Shule nyingi zitaandika kwenye fomu kwamba zinatoa muziki. Mzazi wa Kabianga au Kapsoit atampeleka binti yake kwa imani. Binti atakuta chumba, kitabu, na mwalimu aliyeombwa kusaidia kwa kuwa anaimba vizuri kanisani. Baada ya miaka 3 tutaambiwa mkondo wa sanaa umefeli, watoto wa huku hawana kipaji. Wakati huo huo, kilomita chache kutoka lango la shule ile, mtu aliyewahi kusimama wa kwanza katika taifa zima kwa piano atakuwa anapima majani ya watu, au anauza mitumba siku ya soko, na hakuna aliyemwuliza lolote.

Wapo watakaotujibu kwamba muziki hauna mkate. Tumesikia maneno hayo kwa wazazi tunaowaheshimu, watu waliosomesha watoto kwa kilo za majani, na hatuwezi kuwacheka. Tunawaomba tu wasikilize redio. Fungua Kass FM au Chamgei FM asubuhi moja, hesabu nyimbo za Kikalenjin zinazochezwa hadi saa nne, kisha jiulize kila wimbo ulipitia studio gani na nani aliyepiga kibodi humo. Hesabu mazishi na harusi za mwezi mmoja katika wadi yako zilizokodi vyombo. Fedha zipo, zinazunguka. Hazimfikii mwenye ujuzi kwa sababu hana cheti kinachotambulika, hana bei iliyoandikwa, hana chama, na mirabaha ya nyimbo nchini imekuwa vita ya mahakamani kwa miaka mingi. Gredi ya 10 nayo imeongeza ajira nyingine moja ambayo hakuna mzazi anayeweza kuiita anasa: ualimu.

Tunamtaja kwanza Gavana wa Kericho na mwenzake wa Bomet, kwa heshima. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka shughuli za utamaduni mikononi mwa kaunti. Halikusema Nairobi. Idara ya utamaduni ya kaunti inaweza, kabla ya muhula wa pili kuanza, kufungua daftari la kila mtoto wa kaunti aliyefika fainali za taifa: jina, shule, ala, mwaka, na simu ya mzazi. Daftari halihitaji zabuni. Basari za kaunti nazo zina fomu, na fomu hiyo inaweza kuongezwa mstari mmoja kwa anayekwenda kusomea muziki Kenyatta, Maseno au Kabarak. Kama bunge la kaunti linapitisha fedha za kupeleka wajumbe ziara za mafunzo, linaweza kupitisha fedha za kibodi 10 za kuazimisha.

Ndiyo, kuazimisha. Walimu wakuu wanaotusoma wanajua kibodi za shule hufungiwa stoo kuanzia Novemba hadi Januari, panya wakizipitia. Mshindi wa shule aruhusiwe kuichukua kwa barua ya mzazi na ya chifu, airudishe shule ikifunguliwa. Ikivunjika itatengenezwa. Na kombe lipewe kibandiko cha pili, chini ya jina la shule, chenye jina la mtoto na la mwalimu wake.

Kwa Tume ya Kuajiri Walimu (TSC) tuna ombi gumu zaidi, na tunajua litapingwa. Tume hiyo haiwezi kuwasajili kuwa walimu watu wasiosomea ualimu, na hatuombi ivunje sheria. Tunaomba, pamoja na Wizara ya Elimu, ibuni nafasi ya msaidizi wa mafunzo ya vitendo katika muziki, anayelipwa, anayefanya kazi chini ya mwalimu aliyesajiliwa, na ambaye sifa yake ya kwanza ni uwezo wake kwenye ala. Wakipatikana hata 6 katika Belgut, watoto wa Gredi ya 10 watakuwa na mtu wa kuwashika vidole.

Makanisa tunayaambia kwa upendo: mlipeni mpiga kibodi. Halafu fungueni milango siku za kazi. Korogocho, jirani na jaa la taka la Dandora, Elizabeth Njoroge alianzisha Ghetto Classics mwaka 2008 katika uwanja wa kanisa Katoliki, na watoto wa vibanda wakapewa vayolini na tarumbeta. Ikiwa jambo hilo limewezekana pale, linashindikanaje kwenye makanisa yetu yenye jenereta, kibodi mbili na ukumbi unaokaa mtupu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa? Makampuni ya chai nayo yana kumbi za wafanyakazi katika mashamba yao. Mashine za kuchuma chai zimepunguza mikono shambani, na vijana wa kambi hizo wana saa nyingi kuliko baba zao. Chuo Kikuu cha Kabianga kiko hapa jirani. Likizo moja ya wiki 3, washindi 20 wa zamani, watoto 60, na vyumba ambavyo wanafunzi wameviacha: tunaomba makamu wa chansela alifikirie.

Gazeti hili halitaishia kuwasemesha wengine. Kuanzia toleo lijalo tutatenga safu ya kila wiki kwa washindi wa Tamasha la Muziki waliosoma shule za Kericho na Bomet, bila kujali mwaka. Hatutaki waliofanikiwa peke yao. Wewe unayepima majani kituoni, unayeendesha bodaboda Sosiot sokoni, uliye askari, uliye mama wa nyumbani, uliye mwalimu wa somo jingine: tuandikie jina lako, shule, mwaka uliposhinda, ala au aina ya shindano, jina la mwalimu aliyekufundisha, na kazi unayofanya sasa. Andika pia kama bado unaweza kupiga, na kama ungekubali kumfundisha mtoto mmoja Jumamosi. Barua ziletwe kwa mkono au kwa simu kabla ya shule kufungwa Aprili, ili orodha ya kwanza ifike mezani kwa Gavana na kwa kila mwalimu mkuu mwenye Gredi ya 10 kabla kengele ya muhula wa pili haijalia.